Dakar Bila Dakar: Venye Mbio Kubwa za Jangwani Zilikatizwa Siku Moja Kabla ya Kuanza

Hebu jipate kwa hii situesheni. Umekuwa ukiweka doh kidogo kidogo tangu mwaka uanze. Mbogi imechanga mafuta, keja ya Vasha imelipiwa, luku ya Safari Rally iko kwa begi. Mmefika Mai Mahiu, mnakula mahindi choma, halafu simu inalia. Rali imekatizwa. Si mvua, si corona, si wadhamini wamehepa. Kuna watu wametuma vitisho wakisema watakuja kuua. Geuzeni gari mrudi Nairobi.

Ungeskia aje?

Sasa chukua hiyo hasira yako, uizidishe mara 500, halafu uipeleke Lisbon, Ureno, Ijumaa ya tarehe 4 Januari 2008. Hapo mjini kulikuwa na washindani zaidi ya 500 wa magari, malori na nduthi kutoka karibu kila pembe ya dunia. Mashine zilikuwa zimekaguliwa, stika zimebandikwa, malori ya spea yamejaa hadi juu. Kesho yake, Jumamosi, Dakar Rally ya 30 ilikuwa ing'oe nanga: kilomita zaidi ya 9,000 kutoka Lisbon, kuvuka hadi Morocco, kukata jangwa la Mauritania, halafu kuingia Senegal na kumalizia Dakar tarehe 20 Januari.

Halafu waandalizi wakatoa taarifa. Hakuna mbio. Si kuahirishwa, si kufupishwa. Imekufa.

Tangu hiyo rali ianzishwe, haikuwa imewahi kukatizwa yote. Ilikuwa imepita katikati ya vita, mabomu ya ardhini na majambazi wa jangwani, na ikafika. Hii mara haikutoka hata kwa geti.

Huku Kenya ni wachache waliskia hiyo habari, na unajua kwa nini. Hiyo ndio ile wiki mbaya kuliko zote tuliwahi kuona. Matokeo ya uchaguzi yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi ikawaka, matangazo ya moja kwa moja kwa TV yakapigwa marufuku, na watu walikuwa wanatafuta unga na simu ya kuuliza kama wa kwao wako hai. Nani angekuwa na muda wa magari ya wazungu jangwani?

Lakini hii stori inatuhusu kuliko venye unaweza kufikiria. Juu swali lake si la magari. Swali ni hili: mtu akitisha mchezo mkubwa, nani huamua uendelee ama ufe? Na ukishakufa, nani hubaki na bili?

Kwanza, Dakar ni kitu gani?

Ilianzishwa na Mfaransa anaitwa Thierry Sabine. Mwaka wa 1977 huyu jamaa alikuwa kwa mbio zingine, za kutoka Abidjan kwenda Nice, akiwa na nduthi. Akapotea Sahara. Akakaa huko siku kadhaa, hakuna maji, hakuna mtu, akaokolewa akiwa karibu kwenda. Mtu wa kawaida akitoka hapo hataki kuona mchanga tena, hata ule wa kujengea. Sabine alirudi Paris akaanza kupanga venye atapeleka watu wengine huko huko.

Tarehe 26 Desemba 1978, magari, malori na nduthi yakatoka Paris kuelekea Dakar. Zaidi ya nusu hazikufika. Hiyo ndio ikawa sifa yake: huendi kushindana na wenzako tu, unashindana na jangwa. Na tofauti na Formula 1 ambako lazima uwe umezaliwa kwa go-kart, hapa hata mekanika ama daktari mwenye amejipanga na akiba yake angeweza kujiandikisha na kukimbia mstari mmoja na timu za viwanda vikubwa.

Sabine mwenyewe alikufa Januari 1986 kwa ajali ya helikopta huko Mali, rali ikiendelea. Mbio zikasonga. Baadaye zikachukuliwa na ASO, ile kampuni ya Ufaransa inayoendesha pia Tour de France. Shika hiyo pointi ya Ufaransa, tutairudia.

Tusidanganyane pia, hii rali haikuwa na mikono misafi. Miaka yote hiyo washindani wengi walikufa, na pia wanakijiji, wakiwemo watoto, waligongwa na magari yaliyopita kwa kasi kwenye vijiji vyao. Kuna Waafrika waliiona kama sherehe ya matajiri inayopita kwa watu maskini na kuwaachia vumbi. Lakini kuna wengine, wenye petroli, wenye vyumba vya kulala, wapishi na makanika, ambao Januari ndio ilikuwa mwezi wao wa mavuno. Pande zote mbili zina ukweli.

Krismasi ya damu Mauritania

Mauritania ni kubwa. Inakaribia mara mbili ya Kenya kwa ukubwa, lakini wakati huo ilikuwa na watu kama milioni 3 hivi, chini hata ya wakazi wa Nairobi ya leo. Sehemu kubwa ni mchanga tu. Kwa hivyo kwa rali, Mauritania ilikuwa ndio nyama ya mchuzi. Kati ya hatua 15 za Dakar ya 2008, 8 zilikuwa hapo.

Tarehe 24 Desemba 2007, familia ya watalii Wafaransa ilikuwa imesimama kando ya barabara karibu na mji wa Aleg, kusini mwa nchi. Watu wenye bunduki wakawashukia. Wanne wakauawa, mmoja akabaki hai na majeraha. Siku chache baadaye, wanajeshi wa Mauritania wakauawa kaskazini, kwa shambulio lililodaiwa na tawi la al-Qaeda la Afrika Kaskazini.

Hilo kundi lilikuwa na jina jipya lakini si watu wapya. Lilitoka kwa vita vya Algeria vya miaka ya 90, na mwanzoni mwa 2007 likabadilisha jina, likiwa tayari limejiunga na mtandao wa al-Qaeda. Tarehe 11 Desemba, wiki mbili tu kabla ya Aleg, lilikuwa limelipua mabomu Algiers, moja kwa ofisi za Umoja wa Mataifa, na makumi ya watu wakafa. Kwa hivyo hawa hawakuwa wasee wa kupiga mdomo.

Halafu vikaja vitisho vilivyotaja rali yenyewe. Hapo ndio mchezo ulibadilika.

Na hii ndio sehemu watu huchanganya. Watu wa usalama hutofautisha hatari ya jumla na tishio maalum. Hatari ya jumla ni kama kusema Nairobi kuna wezi wa simu. Unaingia tao ukiwa umeshika simu vizuri, maisha inaendelea. Tishio maalum ni mtu kukuambia, "Kesho saa moja jioni ukishuka stage ya kwenu, nitakungoja." Hapo hutasema ati wezi wako kila mahali. Utalala kwa beshte.

Dakar ilikuwa imeishi na hatari ya jumla miaka 29. Hii sasa ilikuwa ile ya pili.

Si wangebadilisha tu njia?

Swali poa, na si ati hawakuwa wamewahi kujaribu. Walikuwa mabingwa wa hiyo kitu.

Mwaka wa 2000, njia ilikuwa kutoka Dakar hadi Cairo. Wakiwa Niger, wakapata habari ya tishio mbele. Wakafanya nini? Wakaleta ndege kubwa za mizigo za Antonov, wakapakia magari, nduthi na malori yote, wakaruka juu ya hatari na kushuka Sabha, Libya. Manze, hiyo bajeti peke yake ingetosha kutandaza lami kijiji kizima.

Mwaka wa 2004, hatua za Mali zikakatwa juu ya vitisho. Mwaka wa 2007, safari ya kwenda Timbuktu ikatolewa kwa ratiba. Ukicheki hizo tarehe unaona kitu: jangwa lilikuwa linafungwa polepole kama duka wakati wa mgomo, mlango mmoja mmoja. Niger ikatoka, Mali ikatoka. Ilibaki Mauritania. Na sasa Mauritania ikawa ndio shida.

Ukitoa hatua 8 kwa 15, unabaki na nini? Morocco na kipande cha Senegal. Na huwezi kuruka kutoka Morocco hadi Senegal kwa ardhi bila kupitia Mauritania. Pia huwezi kuchora njia mpya usiku mmoja. Njia ya rali hupimwa miezi mingi mapema. Kuna watu hupita wakiandika kila shimo na kila kona, matangi ya mafuta hupelekwa mbele, vibali husainiwa na kila serikali.

Sasa fikiria kazi ya kulinda hiyo kitu. Uwanja kama Kasarani una geti. Unaweka karao kwa kila geti, unapekua mabegi, unafunga barabara mbili tatu. Rali ya jangwani haina geti. Mchana, washindani wametawanyika kwa mamia ya kilomita, kila mtu na vumbi lake. Ukiharibikiwa na gari kwa matuta ya mchanga, unaweza kulala huko peke yako ukingoja lori la kukuvuta. Usiku inakuwa kinyume: watu karibu wote, na mafuta, na ndege, na waandishi wa habari, wanajikusanya kwa kambi moja pahali wazi. Na hiyo kambi iko wapi na lini? Imechapishwa kwa ratiba tangu mwaka jana. Adui hahitaji mpelelezi. Anahitaji tu gazeti.

Serikali ya Mauritania ilisema imejipanga, na iliahidi kumwaga maelfu ya askari njiani. Ilipinga uamuzi wa kukatiza, ikisema haukuwa na sababu. Unaweza kuielewa. Kwa nchi kama hiyo, rali ilikuwa ni tangazo la wiki nzima kwa TV za dunia, ikisema "njooni, huku ni salama." Kukatizwa kwake kulikuwa tangazo la kinyume.

Nani alisema "hapana"?

Kwa karatasi, ni ASO. Mkurugenzi wa rali wakati huo, Étienne Lavigne, ndiye aliyesimama mbele ya washindani wenye hasira kueleza. Lakini nyuma yake kulikuwa na mlolongo, na ni muhimu kuujua juu ndio huo huo hutumika kwa kila mchezo mkubwa, hadi tamasha.

Wa kwanza ni majasusi. Wao hawakatizi kitu. Wanaleta tu ujumbe: tumeskia hivi, tunaamini kwa kiasi hiki.

Wa pili ni serikali ya nchi ya mwandalizi. Wizara ya mambo ya nje ya Ufaransa ilikuwa imeshauri raia wake wasiende Mauritania, na serikali ikawapendekezea waandalizi kwa nguvu sana wasipeleke rali huko. Si amri. Lakini jiweke kwa viatu vya ASO. Wewe ni kampuni ya Ufaransa, serikali yako imekuambia usiende, na Wafaransa wenzako wanne wamezikwa juzi. Ukienda na mtu auawe, utajibu nini kortini? Utamwambia nini mjane?

Wa tatu ni bima, yule ambaye huonekani naye kwa picha lakini ndiye mwenye ufunguo. Kwa kawaida, serikali ikishatoa onyo la usafiri kwa eneo fulani, bima nyingi za safari hazifanyi kazi tena hapo. Na bila bima hakuna helikopta ya madaktari inayoruka, timu za viwanda haziruhusu wafanyakazi wao kutoka, wadhamini wanaanza kukohoa. Hata kama dereva mwenyewe anasema "mimi niko tayari kufa," si yeye peke yake anaulizwa.

Wa nne ni mwandalizi mwenyewe, ambaye sasa amebaki na uamuzi ambao tayari umeshaamuliwa.

Ukitazama hiyo orodha vizuri, utaona nani hayuko. Mwenye kibanda cha chakula Atar hayuko. Muuza vinyago Lac Rose, lile ziwa la waridi karibu na Dakar ambako rali ilikuwa ikimalizikia, hayuko. Hata serikali ya Mauritania ilikuwa kama msee wa kuambiwa tu matokeo.

Bili ilimwangukia nani?

Washindani walirudishiwa ada ya kujiandikisha. Kwa hivyo huwezi kusema ASO walikula fare moja kwa moja. Lakini ada ni kipande tu. Kuna wasee walikuwa wameuza gari lao la kawaida, wengine wamechukua mkopo kwa nyumba, wengine wameomba likizo ya mwaka mzima, kutengeneza mashine ambayo haina kazi nyingine duniani ila kukimbia jangwani. Hiyo mashine ikarudishwa nyumbani ikiwa safi, haina hata chembe ya mchanga. Wanaume wazima walilia Lisbon siku hiyo, na si ya maigizo.

Lakini hao walikuwa na mwaka ujao. Bili kubwa ilienda kusini.

Kaskazini mwa Mauritania, eneo la Adrar, kuna mji unaitwa Atar. Watalii wa Ufaransa walikuwa wakishuka hapo kwa ndege za moja kwa moja kutoka Paris, wanatembea na ngamia, wanalala kwa mahema, wanalipa waongozaji, wapishi, madereva. Rali ilipokatizwa, haikuwa tu wiki moja ya biashara iliyopotea. Dunia nzima ilikuwa imeambiwa kwamba hapo hakufai. Mashambulio na utekaji wa wageni uliofuata kwa ukanda huo ulimalizia kazi. Hizo ndege zikakoma. Zilirudi Atar Desemba 2017, karibu miaka 10 baada ya Lisbon.

Na wauaji wa Aleg? Washukiwa wawili walishikwa Guinea-Bissau tarehe 11 Januari 2008, yaani kabla hata ya ile siku rali ingefika Dakar. Mwaka wa 2010, watatu wakahukumiwa kifo na korti ya Mauritania. Sheria ilifanya kazi yake, angalau kwa hao. Lakini hakuna aliyetuma ndege ya kurudisha watalii siku hiyo. Jina la nchi likichomeka, halisafishwi na hukumu ya korti.

Jina lilihama, jangwa likabaki

Hapa ndio stori inakuwa ya ajabu kidogo. Aprili 2008 ASO walifanya rali ndogo Hungary na Romania kupooza mioyo. Pia walitangaza: Dakar ya 2009 itakuwa Argentina na Chile.

Ndio, Dakar. Bado inaitwa Dakar. Bado ile nembo yake ni uso wa mtu wa jangwa aliyefunga kilemba. Lakini inaanzia Buenos Aires. Ni kama mtu akuambie anapeleka Koroga Festival Oslo na bado itakuwa na nyama ya Kenyatta Market.

Na unajua nani alishinda kwa magari huo mwaka wa kwanza Amerika Kusini? Giniel de Villiers, wa Afrika Kusini. Mwafrika wa kwanza kushinda kitengo cha magari kwa Dakar, mwaka ule ule Dakar ilipohama Afrika. Ukiandika hiyo kwa filamu, watu watasema umezidisha chumvi.

Rali ikakaa Amerika Kusini hadi 2019. Tangu 2020 iko Saudi Arabia. Haijawahi kurudi Dakar.

Lakini kuna wasee walikataa kuliacha jangwa. Hubert Auriol, bingwa wa zamani wa Dakar kwa nduthi na kwa gari, pamoja na mkongwe mwingine Jean-Louis Schlesser, walikuwa kati ya walioanzisha Africa Eco Race. Hiyo imekuwa ikipita Morocco na Mauritania na kumalizikia kule kule Lac Rose. Ni ndogo, haina kelele ya TV kama Dakar. Lakini inapita pale pale palipoambiwa hapapitiki, na inafika.

Hiyo haimaanishi uamuzi wa 2008 ulikuwa mbaya. Ni rahisi kusema "wangeenda tu" wakati hakuna mtu alikufa. Watu wanne wa Aleg walikuwa wamekufa tayari. Mimi ningekuwa na watu zaidi ya 500 mkononi, na tishio lenye jina lao, ningewarudisha nyumbani pia. Shida yangu ni kilichofuata. Rali ilikatizwa mwaka mmoja, lakini haikurudi. Dharura ya wiki moja ikageuka talaka.

Mbona Saudi haikukatizwa?

Tarehe 30 Desemba 2021, siku mbili kabla ya Dakar ya 2022 kuanza, gari la timu moja ya Ufaransa lililipuka likitoka hotelini Jeddah. Dereva akaumia mguu vibaya sana. Mwanzoni Saudi Arabia ilisema hakuna dalili za uhalifu. Waendesha mashtaka wa ugaidi wa Ufaransa wakafungua uchunguzi. Waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Jean-Yves Le Drian, akasema hadharani kwamba huenda lilikuwa shambulio la kigaidi, na kwamba pengine ingekuwa bora mbio ziachwe.

Zikaachwa? Wapi. Zikaendelea hadi mwisho.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Machi 2022, Formula 1 ilikuwa Jeddah. Madereva wakiwa kwa mazoezi, Wahouthi wa Yemen wakapiga ghala la mafuta la Aramco, si mbali na hapo. Moshi mweusi ulionekana kutoka kwa njia ya mbio. Madereva wakafunga mlango, wakakaa kikao hadi usiku wa manane. Jumapili wakakimbia.

Sasa linganisha. Mwaka wa 2008, shambulio la Aleg halikugusa gari lolote la rali, na mbio zikafa. Mwaka wa 2021, gari la rali lenyewe lililipuka, na mbio zikasonga.

Kuna majibu ya haki hapa. Saudi Arabia ni serikali moja, yenye ndege za kivita, mitambo ya kudungua makombora, na polisi kila kona. Njia yote iko ndani ya mipaka yake. Mauritania haikuwa na hiyo nguvu. Pia mwaka wa 2008 tishio lilikuwa mbele ya safari, kwa ardhi ambayo hakuna mtu angeweza kuilinda yote.

Lakini kuna jibu lingine ambalo halisemwi kwa taarifa kwa vyombo vya habari. Saudi hulipa pesa ndefu kuwa mwenyeji wa michezo, kwa mikataba ya miaka mingi. Mwenye nyumba akiwa ndiye anakulipa, unachukua muda kuamini kwamba nyumba inaungua. Mauritania haikuwa na hundi ya aina hiyo. Ilikuwa na mchanga mzuri tu.

Na sisi huku?

Usifikirie hii ni stori ya mbali. Mei 2014, serikali ya Uingereza ilitoa onyo la usafiri kwa sehemu za Pwani, na kampuni za utalii zikabeba mamia ya wateja wao kutoka Mombasa kabla likizo iishe. Wiki hiyo hiyo mabomu yakalipuka Gikomba, na wasee waliokuwa kwa hasla yao ya mitumba wakafa. Watalii walipandishwa ndege. Wauzaji wa Gikomba walikuwa na basi ya kupanda kwenda wapi? Hoteli kadhaa za Pwani zikafunga, na wahudumu, wapishi na mabeach boy wakakaa njaa miezi mingi.

Ni mtambo ule ule. Majasusi, wizara, bima, mwandalizi. Halafu bili inashuka hadi kwa mama wa viazi karai.

Ndio maana ni vizuri kucheki Safari Rally yetu kwa hiyo miwani. Ilipoanza mwaka wa 1953 ilikuwa inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara wazi, ng'ombe na basi zikipishana na magari ya mbio. Iliporudi kwa ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, ilirudi ikiwa imekunjwa. Makao ni Naivasha, na hatua nyingi zinatoka na kurudi hapo karibu: Kedong, Soysambu, Sleeping Warrior. Wazee wa zamani hulalamika ati hiyo si Safari. Wana haki ya kuikumbuka. Lakini njia inayozunguka pahali pamoja unaweza kuilinda, unaweza kufunga barabara zake, na helikopta ya daktari iko karibu. Ile ya maelfu ya kilomita ingekuwa Dakar nyingine, inayongoja simu moja tu ya vitisho.

Kitu kimoja ambacho waandalizi wetu na kaunti wanafaa kuiba kutoka kwa stori ya Lisbon ni hiki: kuwa na mpango wa siku ya kukatiza, uandikwe mapema. Nani anarudishiwa doh, kwa muda gani? Mwenye keja aliyepokea deposit afanye nini? Kijana aliyekopa kununua makreti ya soda na mkaa wa kuchoma nyama ana pa kulia? Na muhimu kuliko zote, ni masharti gani yakitimia tutarudi mwaka ujao? Juu kukatiza mbio kunaweza kuokoa maisha. Kuondoka bila kusema utarudi lini huua mji polepole, na hakuna TV inakuja kupiga hiyo picha.

Sasa turudi kwako. Ni tarehe 4 Januari 2008. Uko Lisbon, tishio liko mezani, na madereva zaidi ya 500 wako nje wanangoja neno lako. Ungekatiza ama ungewaambia wawashe magari? Na kama ungekatiza, ungempigia simu nani huko Atar?